Herufi zinazong'aa kama asali: tunatumia Inkscape

Habari zenu, karibuni. Kabla sijagusa kompyuta, sogeeni mtazame hiki kisosi. Nimedondoshea asali kidogo, nimekiweka karibu na dirisha. Mnaona hapa juu ya tone? Kuna doa jeupe, na doa lenyewe lina ukingo: weupe unakatika ghafla, kahawia inaanza. Sasa tazameni upande wa pili, chini, ule uliolipa dirisha mgongo. Pale rangi inawaka dhahabu, kwa sababu mwanga umepenya asali ukatokea huku. Mambo mawili hayo, doa juu na dhahabu chini, ndiyo kazi yetu yote ya leo. Tunaandika neno Asali kwa ajili ya lebo ya chupa.

Fungua Inkscape. Ni programu ya bure ya kuchora, iwe una Windows, Mac au Linux. Bonyeza T kwenye kibodi, bofya ukurasani, andika Asali. Chagua fonti nene. Mimi natumia Lobster, unaipata bure Google Fonts. Fonti nyembamba haifai kwa kazi hii, haina tumbo la kubebea mwanga. Kuza neno lijaze upana wa ukurasa.

Sasa bonyeza Ctrl+D upate nakala, ivute nje ya ukurasa uiache huko. Usiruke hatua hii. Tukishageuza maandishi kuwa umbo hatuwezi tena kusahihisha hata herufi moja, na mimi nimewahi kurudia kazi nzima kwa sababu mteja alitaka neno jingine.

Chagua neno la ukurasani. Ctrl+Shift+C, limekuwa umbo. Ctrl+Shift+G, herufi zimeachana. Zikiwa bado zimechaguliwa zote, Ctrl na alama ya kujumlisha, zinaungana kuwa kitu kimoja. Vuta karibu uone: herufi za Lobster hupandana kwenye maungio, na bila kuziunganisha kila ungio lingeacha mstari.

Rangi. Ctrl+Shift+F inafungua dirisha la rangi. Chagua gradienti ya mstari, yaani rangi inayobadilika polepole kutoka moja hadi nyingine, kisha kwa kifaa cha gradienti, herufi G, vuta kutoka juu hadi chini huku umeshikilia Ctrl isipinde. Juu weka FFC93C, hiyo ni namba ya rangi unayoiandika kwenye dirisha la rangi. Bofya mara mbili katikati ya mstari uongeze kituo, kipe C97A00. Chini weka FFB52E. Wengi huishia na rangi nyeusi chini kabisa, na herufi zinakuwa kama mbao zilizopigwa vanishi. Kumbuka kisosi: asali huwaka chini.

Mzingo, yaani mstari wa nje unaozunguka neno, ni wa haraka. Ctrl+D, rangi 6B3500, kisha Ctrl na mabano ya kufunga, yaani ), mara tatu au nne. Kila ukibonyeza, umbo linanenepa. Bonyeza End lishuke nyuma.

Haya, tumefika kwenye doa, na hapa naomba tuende polepole. Chagua neno la dhahabu, Ctrl+D, Ctrl na mabano ya kufungua, yaani (, mara mbili au tatu. Nakala inakonda, inaacha utepe wa asali pembeni. Ipake nyeupe. Kisha bonyeza E, chora duaradufu pana inayofunika nusu ya juu ya neno zima, tumbo lake likishuka kidogo katikati. Shikilia Shift, bofya ile nyeupe ili vyote viwili vichaguliwe, halafu Ctrl na alama ya nyota. Kinachobaki ni pale vilipokutana tu, na rangi inafuata kitu kilichokuwa chini, yaani nyeupe yetu. Ikikugomea, mara nyingi hukuunganisha herufi kule mwanzo, rudi ukaunganishe.

Sasa nyeupe hiyo ipe gradienti. Juu uzito (Opacity, jinsi rangi inavyoziba kilicho nyuma yake) asilimia 85, chini asilimia 20. Usishushe hadi sifuri! Ukifika sifuri ukingo unayeyuka, na bila ukingo jicho linaona vumbi au mvuke, halioni unyevu. Angalia hapa kwenye tumbo la A: mstari ule mwembamba ambapo nyeupe inakoma ndio unaokufanya utake kugusa. Kwa sababu hiyohiyo doa hili silitii ukungu (Blur) hata chembe.

Ongeza vidoa viwili vitatu vya duaradufu, vyeupe kabisa, kwenye mabega ya herufi, vyote upande wa kushoto juu. Dirisha letu ni moja, kwa hiyo mwanga usitoke huku na kule.

Kivuli: nakili mzingo, upake kahawia iliyokolea, ushushe kidogo, ukungu asilimia 3, uzito 40, kisha End.

Kwa uchapaji, Ctrl+Shift+E, chagua PNG, dpi 300 (idadi ya nukta kwa kila inchi), na uweke upana halisi wa lebo kwa milimita. Chapa nakala moja kwanza, ibandike kwenye chupa, simama hatua tatu. Kama mzingo umemezwa na rangi ya asali iliyo ndani, rudi uunenepeshe mara moja zaidi kabla hujaagiza lebo zote.