Maumivu kuisha sio kano kupona

Asanteni kwa kuja, wazee wetu, kina mama, na vijana wa boda nawaona kule nyuma mmeacha stage kwa ajili ya hili, sogeeni mbele viti vipo.

Mimi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, hapa Arua, lakini leo naongelea miti shamba kama mtu aliyefungwa hizo dawa mwenyewe. Miaka ya nyuma kisigino kilikuwa kinavuta kila nikicheza mpira, shangazi akanitwangia manjano na tangawizi akanifunga na kitambaa, wiki ya pili sisikii kitu, nikarudi uwanjani, haikuchukua muda nikasikia kama mtu kanirushia jiwe nyuma ya mguu, nageuka hamna mtu. Ukano umekatika. Shangazi hakukosea jamani, dawa yake ilifanya kazi yake, mimi ndo sikujua ni kazi gani.

Kile tunachoita mshipa wa kisigino sio mshipa wa damu, ni ukano, kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, na hiyo kamba ni nyuzi za kolajeni, protini ngumu ya mwili, zimelala upande mmoja kama katani iliyosokotwa vizuri. Damu inafika pale kidogo sana. Ukichanika unavimba siku za kwanza, halafu kwa wiki kadhaa mwili unaweka kolajeni ya haraka, dhaifu, imelala hovyo, halafu miezi mingi, hata mwaka, inapangwa upya. Dawa nyingi za shangazi zinafanya kazi pale kwenye uvimbe na maumivu.

Manjano ina kurkumini, na kwenye maabara imeonekana inatuliza uvimbe kwenye chembe hai (seli) za kano za binadamu. Ila ukiinywa mwili unachukua kidogo mno, ndo maana wanaochanganya na pilipili manga wako sawa kabisa, mwaka 1998 watu walipimwa ikaonekana piperini ya pilipili manga inapandisha kurkumini kwenye damu karibu mara 20. Nanasi nalo lina bromelaini, kimeng'enya kinachovunja protini, nyingi iko kwenye shina, na watafiti wa Nigeria waliwapa panya walioumizwa ukano wa kisigino wakaona chembe za ukano zimeongezeka, lakini ukilichemsha hiyo bromelaini inakufa, msichemshe. Hayo yote yananipa moyo. Lakini panya ni panya, na chembe za kwenye chupa hazibebi abiria wawili na gunia la mihogo.

Komfri ile mnayolishia sungura, kupaka juu ya ngozi isiyo na kidonda sawa, kunywa hapana, ina sumu inayoharibu ini. Na hili nawaomba mlisikie: ile sipro (ciprofloxacin, antibiotiki) mnayonunua duka la dawa bila kuandikiwa inaweza kudhoofisha kano mpaka ikatike, Marekani waliweka onyo kali kwenye pakiti tangu 2008, na hatari ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Mtu anakunywa sipro kwa tumbo, kisigino kinauma, anatafuta majani!

Sasa nani anazipanga zile nyuzi? Uzito. Ukano unajipanga kwa kuvutwa, basi. Kama haujakatika, simama ukingo wa ngazi kwa vidole, shusha kisigino polepole, mara 15 raundi tatu goti limenyooka, halafu raundi tatu goti limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Ni mazoezi ya daktari Alfredson wa Sweden. Manjano ikupunguzie maumivu ili uweze kuyafanya, mimi sina ugomvi nayo kabisa.

Kama umesikia ule mpasuko, lala kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akubinye shavu la mguu. Wayo ukicheza, afadhali. Usipocheza nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu yeyote asikukande.

Haya maswali, mzee mwenye kofia nyeupe anza.