Kabla hujaongeza betri kwenye karavani, badilisha globu

Habari zenu ndugu zangu, mlioko Dar, Mwanza, Mombasa, na nyie wenzangu wa huku ughaibuni. Leo nipo ndani ya karavani, hapa Michigan, Marekani, kwenye kambi isiyo na umeme wa kuchomeka. Hapa kila mtu anajitegemea: betri moja kule mbele ya tela, mtungi wa gesi, basi. Nataka tuzungumzie taa, maana wengi hukimbilia kununua betri ya pili na paneli nyingine ya sola, kumbe umeme wao unaliwa na globu za darini.

Ngoja nisogeze kamera. Hii ndiyo globu iliyokuja na karavani kutoka kiwandani. Inaitwa 921. Haina kitako cha chuma. Ni kioo kitupu, na chini vile vinyaya viwili vimekunjwa juu ya kioo, kimoja kila upande. Inakula kama ampea 1.4, yaani karibu wati 18, na nyingi kati ya wati hizo zinatoka kama joto, si mwanga. Angalieni kava lake la plastiki. Pembeni bado ni jeupe, lakini hapa katikati, globu ilipokuwa, pamegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nikibonyeza panalia kama panataka kupasuka. Joto hilo.

Sasa tupige hesabu, na naomba msiiruke sehemu hii. Betri yangu ni betri ya maji, ampea-saa 80, yaani ukiivuta ampea moja inakaa kama saa 80. Betri ya aina hii ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua mapema, kwa hiyo umeme wa kuugusa bila wasiwasi ni ampea-saa 40. Washa globu nne za zamani tangu jua linapozama mpaka mnapolala, tuseme muda wa saa tano. Nne mara 1.4 mara tano: 28. Zimebaki 12, na hita bado haijawaka! Hita inachoma gesi, ndiyo, lakini feni inayosukuma hewa ya moto inazungushwa na betri hiyohiyo, nayo inavuta ampea kadhaa kila inapowaka. Mwezi wa kumi huku usiku ni mrefu na baridi inauma. Betri ikiisha alfajiri feni inasimama, hita inajizima, na watoto wamelala humu ndani. Ndiyo maana suala la taa nalichukulia kwa uzito wote.

Weka taa nne za LED mahali pa zile globu, kila moja inavuta kama ampea 0.2. Saa tano zilezile: ampea-saa nne. Nne tu! Zile 24 nyingine sasa ni za hita na pampu ya maji, na hujanunua betri wala paneli yoyote.

Kwenye kununua, tulieni kidogo. Tunasema volti 12, lakini mfumo huu haukai kwenye 12. Betri iliyojaa na kutulia iko kama 12.6, chaja ikiwa kazini inapanda 13.6, nyingine mpaka 14.4. LED haipendi hivyo, kwa sababu volti ikiongezeka kidogo tu, umeme unaopita ndani yake unaongezeka sana. Zile za bei ya chini kabisa zina rezista peke yake ya kuzuia, kwa hiyo kila ukichaji betri zinachemka, na maisha yake yanakuwa mafupi. Tafuta iliyoandikwa volti 10 mpaka 30. Maana yake ndani kuna saketi ya kudhibiti umeme, na mwanga haubadiliki betri ikiwa imejaa au imeshuka.

Halafu rangi. Mnaona hivi vidoti vya njano juu ya taa? Chini yake kuna chipu inayotoa mwanga wa buluu, na huo unga wa njano ndio unaougeuza uwe mweupe. LED hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Rangi ya mwanga inapimwa kwa Kelvini: taa ya 6000 inaachia buluu nyingi, na karavani nzima inakuwa kama wodi. Mimi nachukua 2700 au 3000, macho yanapumzika na chakula mezani kinaonekana chakula. Wingi wa mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni: globu ya 921 inatoa kama 260, kwa hiyo tafuta LED ya kukaribia hapo.

Kufunga ni kazi nyepesi. Chomoa waya wa umeme wa nje kama umeunganishwa, toa kichwa cha hasi kwenye betri, acha globu ipoe. Ikiwa vibati vya holda vina kutu, vipitishie msasa laini. Chomeka LED, rudisha umeme, washa. Isipowaka usiitupe: zima, ichomoe, igeuze upande, irudishe. LED nyingi zinachagua chanya na hasi, globu ya zamani ilikuwa haichagui. Hakikisha pia vidoti vinatazama chini, maana LED inamulika mbele yake tu. Ukiielekeza darini unawamulikia popo. Na redio ikianza kukoroma ukiwasha taa, saketi ya taa hiyo ni mbovu, tafuta nyingine.

Sasa nyie wa nyumbani mnaotumia sola. Hesabu ni hiihii. Una betri ya N70 na paneli moja, taa zinakata saa nne usiku, fundi anakwambia ongeza betri. Kabla hujatoa hela, soma wati zilizoandikwa kwenye kila taa, zidisha kwa saa unazowasha, gawanya kwa 12, unapata ampea-saa inazokula taa hiyo. Ukikuta kuna globu za gari zimefungwa kibandani au bandani kwa kuku, anza na hizo.

Na hili nawaomba sana: taa ya DC ya volti 12 na taa ya umeme wa TANESCO au KPLC ya volti 230 mpaka 240 mara nyingi zina kitako kimoja, na zinaingia holda moja. Ukiweka ya DC kwenye holda ya 230 inapasuka, na mtoto aliyepanda kwenye stuli kuiweka uso wake uko palepale. Kama nyumba ina mifumo yote miwili, piga alama ya rangi kwenye holda za sola, au weka za kuzungusha upande mmoja na za kubana upande mwingine. Mwambieni kila mtu ndani ya nyumba, hata shangazi aliyekuja kusalimia.

Mwenye sola au gari la kulala, niandikie hapo chini betri yako ni ya ampea-saa ngapi, taa ngapi, wati ngapi kila moja. Nitaketi nipige hesabu ya kila mmoja na kumjibu.