Neno "Isipokuwa": Mhadhara Uliotolewa Ujiji

Wazee wangu, mama zangu na vijana wa Ujiji, hili nimeshalisema mara nyingi na leo nalirudia: jasho la mfungwa lisiuzwe kwa nguvu. Mji huu uliona misafara ya watumwa ikipita kwenda Tabora hadi pwani. Tukinyamaza sisi, aseme nani?

Marekani ilifuta utumwa mwaka 1865. Lakini marekebisho ya 13 ya katiba yao yana neno: isipokuwa. Utumwa marufuku, isipokuwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani. Majimbo ya kusini yakatunga sheria za uzururaji. Mtu mweusi akikutwa hana kazi anakamatwa, anahukumiwa, kisha jimbo linamkodisha kwa mwenye shamba, mgodi au reli. Tajiri analipa jimbo, mfungwa haambulii kitu. Hebu fikirini! Aliyenunua mtumwa, mtumwa akifa amepata hasara. Huyu wa kukodi akifa, analetwa mwingine. Ndiyo maana walifanyishwa kazi hadi kufa. Alabama iliendelea hivyo hadi 1928, miaka 63 baada ya utumwa kufutwa!

Najua kuna kijana pale nyuma anasema moyoni: "Mzee, mwizi ale bure?" Mwanangu, adhabu yake ni kufungwa. Akilima mahindi ya kula yeye na wenzake, sina ugomvi. Akifagia anapolala, sina ugomvi. Ugomvi unaanza jasho lake linapouzwa naye hana ruhusa ya kukataa. Babu zetu walitoka Kigoma hii kwenda manamba, kukata mkonge. Waliteseka, lakini mkataba ulikuwa na mwisho na ujira ulikuwepo, hata kama kiduchu.

Na msidhani ni mambo ya Wamarekani tu. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti, kisha inaiweka kando kazi inayotokana na hukumu ya mahakama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1930 nao unamwacha mfungwa nje ya katazo hilo la kazi ya shuruti, ila umeweka mpaka: asikodishwe kwa mtu binafsi wala kampuni. Hapo ndipo nimeshika. Wafungwa wa gereza la Kwitanga, hapa Kigoma, wanalima michikichi. Mawese yakiuzwa, fungu la aliyekata mikungu ni lipi?

Huko Marekani, jimbo la Colorado walipiga kura 2018 wakaliondoa neno "isipokuwa" katika katiba ya jimbo lao. California 2024 wakapiga kura, likabaki. Sasa niulizeni, na anayelitetea "isipokuwa" aanze yeye.