Aliyemwiba Afungwe, Aliyemnunua Ashukuriwe?

Ndugu zangu, hili la matajiri wa Hong Kong waliowapinga watekaji wa watoto huku wakiwatetea wanunuzi nimelisema mara nyingi na wengine hapa mmeshalichoka. Nivumilieni. Habari za vita vya kasumba na jinsi Waingereza walivyoitwaa Hong Kong kutoka China mnazijua, naziruka.

Mwaka 1878 wafanyabiashara wanne, wenyeji wa Dongguan, kusini mwa China, walimwomba Gavana wa Hong Kong, John Pope Hennessy, ruhusa ya kuunda chama cha kupambana na watekaji. Wanawake na watoto walilaghaiwa huko China bara, wakaingizwa Hong Kong, wengine wakapakiwa melini hadi kwenye madanguro ya Singapore na San Francisco. Chama hicho ndicho Po Leung Kuk. Kilianzia katika vyumba vya kuazima vya hospitali ya Tung Wah, nayo ikiendeshwa na wafanyabiashara. Walichanga fedha, wakaajiri wapelelezi, wakawarudisha watu kwao. Hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu unaanza Oktoba 1879. Jaji Mkuu John Smale, akiwahukumu watekaji, alisema waziwazi kwamba huu ni utumwa, na umo hata majumbani. Aliwagusa mui tsai, wasichana walionunuliwa kwa wazazi maskini wakatumikishwa nyumbani bila ujira mpaka waozwe. Nani walikuja juu? Matajiri wa Kichina, tabaka lile lile lililokilipia chama! Mbio kwa Gavana na waraka mkononi: hii ni mila, tena ni hisani, mkiizuia maskini watawaua watoto wao wa kike. Yaani aliyemwiba mtoto afungwe, aliyemnunua ashukuriwe!

Najua yupo atakayeniambia, "Mwalimu, unawapima watu wa kale kwa kipimo cha leo." Hapana, bwana! Smale alikuwa wa leo? Aliyasema wakiwa hai, katika mji wao, na walimsikia vizuri sana. Wangekuwa hawakuelewa, wangekwenda kwa Gavana kufanya nini? Na mtekaji hateki mtoto ili akae akimtazama. Anateka kwa sababu yupo mwenye fedha anayesubiri.

Sasa ingieni ndani ya chama chenyewe. Mwanamke aliyeokolewa hakutoka apendavyo. Asipopatikana ndugu, mtoto alitolewa alelewe na familia nyingine, na msichana mkubwa aliozwa. Mposaji alichunguzwa, akaleta mdhamini, akaahidi kwamba hatamuuza. Sikilizeni vizuri: mchumba anaapa kwamba mkewe hatamuuza! Watu hawaombi kiapo cha jambo lisilotokea.

Singapore nako kituo kama hicho kilianzishwa mwaka 1888. Wafanyabiashara wa Shanghai wakaunda chama chao mwaka 1912. Ya Shanghai nilikuwa nayo mengi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, basi tuyaache.

Turudi Hong Kong: kuchukua mui tsai wapya kulipigwa marufuku mwaka 1923. Kuwaandikisha serikalini waliokuwepo kukangoja hadi 1929, miaka 50 tangu Smale aseme. Haya, maswali. Ila la mila nimeshalijibu, msinirudishe huko.