Tanuri la Tupo na Mawe ya Visigino

TUPO: Maiki imewaka? Haya. Karibuni wa Uyole, wa Mafinga, na nyie mlioko Dar mnaojifanya mmesahau baridi. Lugano mnamsikia anavyokohoa.

LUGANO: Siyo mafua, ni moshi wa mwenzenu. Jumamosi kaniita kwake, njoo ule pizza. Nimefika saa kumi, nimekula saa moja usiku.

TUPO: Tanuri la kuni halina swichi, kaka. Leo nina masomo matatu: kujenga, unga, na kuni. Naanza na kujenga. Unainua msingi wa mawe hadi kiunoni, juu yake...

LUGANO: Waambie juu yake umeweka nini.

TUPO: Nakuja huko.

LUGANO: Waambie!

TUPO: Nimeweka yale mawe mepesi ya Rungwe.

LUGANO: Mawe ya kusugulia visigino! Jamani, watu wananunua kimoja, wanakaa nacho bafuni miaka. Tupo kaleta viroba na bajaji!

TUPO: Umemaliza? Mlima Rungwe ulilipuka kama miaka 4,000 iliyopita ukayamwaga mawe hayo. Yamejaa vitundu vya hewa, ndiyo maana yanaelea majini, na hewa hiyo inazuia joto lisipite. Usipoweka kitu cha namna hiyo chini ya sakafu, joto lote linazama kwenye msingi. Pizza inaungua juu, chini mbichi. Wengine wanapanga chupa tupu za bia, nayo inasaidia.

LUGANO: Kwa hiyo mimi nimekula pizza ya magaga.

TUPO: Hayagusi chakula! Juu yake kuna mchanga, halafu matofali ya kuchoma.

LUGANO: Yule mama jirani yako je? Si alikuuliza kama mawe yameshatumika?

TUPO: Nikamwambia shikamoo mama, ni mapya. Akasema basi naomba moja.

LUGANO: Na akachukua!

TUPO: Akachukua mawili, la pili la dada yake wa Tukuyu.

LUGANO: La Tukuyu! Yaani jiwe linarudi kwao!

TUPO: Lugano, tuendelee. Kuba ni udongo wa mfinyanzi sehemu moja, mchanga sehemu tatu, unamwaga kwenye turubai unakanyaga kwa miguu...

LUGANO: Kwa miguu tena!

TUPO: Nilijua.

LUGANO: Miguu imeshasuguliwa lakini? Maana mawe yapo hapohapo.

TUPO: ...unakanyaga mpaka ukifinyanga donge likae bila kumeguka. Fundi atakushauri saruji. Kataa. Saruji ya kawaida ikipata moto mkali inapoteza maji yake, inapasuka. Kisha unawasha moto mdogo mdogo siku kadhaa, unyevu utoke taratibu. Ukiharakisha, mvuke utalipasua kuba.

LUGANO: Sasa niseme la kwangu, na hapa sitanii. Umechoma kuni za milingoti kwa saa mbili na nusu. Pizza imeiva kwa sekunde ngapi?

TUPO: Tisini. Sakafu ikifika nyuzi 450 ndivyo ilivyo. Utaona kuba linakuwa jeusi kwa masizi, halafu masizi yanaungua, linatakata. Hapo ndipo pamekolea.

LUGANO: Saa mbili na nusu kwa sekunde tisini! Hizo kuni makande yangeiva siku ngapi? Watu wanahimizwa wahamie gesi, sisi tunapandisha moshi ili tule mkate wenye jibini.

TUPO: Joto haliishi pizza ikiisha. Unafunga mlango, unaoka mikate, unaweka chungu cha maharage, asubuhi yameiva. Jiko la mafiga linakupa hilo?

LUGANO: Jumamosi ulioka mikate?

TUPO: Kulikuwa na wageni.

LUGANO: Uliweka maharage?

TUPO: Lugano, mlingoti ni mti wa kupanda, ukiukata unachipua tena.

LUGANO: Miaka mingapi baadaye? Angalau ungechukua mabanzi ya paini kule Mufindi, yanaachwa tu kwenye viwanda vya mbao.

TUPO: Paini ina utomvu, masizi matupu.

LUGANO: Si umesema masizi yanaungua?

TUPO: Nimesema yanaungua, sijasema nayataka.

LUGANO: Mimi naona ni anasa.

TUPO: Na mimi naona umekula vipande vitano vya hiyo anasa.

LUGANO: Kula si kukubali. Bado ni anasa.

TUPO: Basi tubaki hivyo. Somo la pili, unga. Kwa baridi hii ya mwezi wa saba unga haufuri upesi, kwa hiyo unaukanda jana yake, hamira kidogo sana...

LUGANO: Kwaya wako mlangoni. Chumba ni chao kuanzia saa kumi na moja.

TUPO: Sijafika hata kwenye kuni!

LUGANO: Kuni tumezigombania robo saa.

TUPO: Basi hili moja, andikeni: mlango uwe asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani, moshi utoke joto libaki. Ukizidisha hapo...

LUGANO: Tupo, wameshawasha kinanda.