Kabla ya kutoboa, ujue ukuta wako

Baba na mama, vijana, asanteni kwa kuja. Hili nimelisema mara nyingi hapa Goma na nitalirudia: kabla hujamwita fundi akutundikie kabati la jikoni, ujue ukuta wako umejengwa kwa nini.

Mtaniambia, "Ukuta ni ukuta, si umepigwa simenti na rangi?" Hapo ndipo tunapopotea! Plasta ni nguo tu. Ileile unaikuta juu ya jiwe la volkano, juu ya tofali la kuchoma, juu ya bloku yenye matundu. Unagonga, unasikia ugumu wa plasta, unasema ukuta ni imara.

Pandeni juu ya plafoni, yaani dari! Mwashi hamalizi simenti mahali pasipoonekana, kwa hiyo kule chini ya mabati mara nyingi ukuta uko wazi. Chukua tochi, kanyaga mbao zinazobeba, usikanyage tripleksi, zile mbao nyembamba za dari. Ukiona mistari iliyonyooka na rangi ya kijivu, hizo ni bloku. Mawe meusi yenye vishimo, yasiyolingana, hiyo ni volkano. Na uchungulie ukuta uleule unaotaka kuutumia, si wa jirani yake. Nyumba zetu tunaziongeza chumba baada ya chumba, kadiri pesa inavyopatikana: mbele mawe, nyuma bloku.

Huwezi kupanda? Toboa tundu jembamba, la milimita 4, mahali ambapo kabati litapafunika. Acha vumbi la plasta lipite, kisha tazama. Jekundu, ni tofali. La kijivu, halafu ncha inazama ghafla kama hakuna kitu mbele yake, ni bloku yenye matundu. Hapo usikaze bolti ya kupanuka, ile inayojitanua ndani ya tundu, itapasua ganda la bloku. Pitisha bolti mpaka upande wa pili, uweke bamba la chuma, au kabati lisimame chini kwa miguu yake.

"Lakini fundi anajua." Anajua kutoboa. Je, alikuwepo ukuta ukijengwa? Muulize amepima nini. Tanki la maji moto la lita 50 la kutundika ukutani, likijaa, lina kilo 50 za maji peke yake, chuma hujakihesabu.

Nyumba za mbao, zile tulizosimamisha juu ya lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ya 2002: ubao haubebi, nguzo ndiyo inabeba. Fuata mstari wa misumari. Kama imefunikwa, pitisha sumaku.

Saa inaniishia. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, ardhi ilitetemeka siku nyingi na kuta zikapasuka, mliona wenyewe. Kwa hiyo kitu kizito kisikae juu ya kitanda cha mtoto, hata ukuta uwe wa jiwe. Waya za umeme: usitoboe moja kwa moja juu wala chini ya prizi. Mpangaji, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Haya, mama wa pale nyuma, uliza.