Umeme umerudi, PostgreSQL imegoma kuwaka: fanya hivi

Habari mtazamaji, karibu. Ukiwa Mbeya, Tukuyu au Makambako unajua msimu wa mvua ulivyo: radi moja ya mchana, umeme umekwenda, na seva ya SACCOS au ya duka la jumla pale Mwanjelwa imezimika watu wakiwa katikati ya kazi. Umeme unarudi, mashine inawaka, lakini mfumo unagoma kuingia kwenye kanzidata. Leo tunaiwasha PostgreSQL 14, programu inayoendesha hiyo kanzidata (database), iliyo kwenye Ubuntu 22.04. Kama toleo lako ni jingine, badilisha tu namba 14 kwenye amri utakazoziona.

Kabla hujagusa kibodi: usifute kitu. PostgreSQL imeundwa kujirekebisha yenyewe baada ya kuzimika ghafla. Fundi mwenye haraka ndiye huwa anaimaliza.

Fungua terminali, andika:

sudo systemctl status postgresql

Ona, rangi ya kijani, imeandika active (exited). Usidanganyike. Huduma hii ni mwavuli tu, inabaki kijani hata kanzidata ikiwa imelala. Ukweli unaupata hapa:

pg_lsclusters

Safu ya Status ikisoma down, haijawaka. Iwashe mara moja, kisha soma logi, yaani faili inamoandika matukio yake:

sudo systemctl start postgresql@14-main
sudo tail -n 40 /var/log/postgresql/postgresql-14-main.log

Anza na saa ya mistari ya mwisho. Kama yote ni ya kabla umeme haujakatika, basi PostgreSQL imeshindwa hata kuandika logi. Ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya diski. Na kama tarehe inaonyesha miaka ya nyuma kabisa, betri ndogo ya ubao mama, ile CR2032, imekufa. Rekebisha saa kwanza, la sivyo miamala ya leo itaingia na tarehe za ajabu.

Ukiona "automatic recovery in progress", ondoa mikono. Inarudia mabadiliko yaliyoandikwa kwenye folda ya pg_wal tangu hatua ya mwisho ya kuhifadhi (checkpoint), ambayo kwa mpangilio wa kawaida hufanyika kila dakika 5. Kwenye diski ya kizamani inayozunguka, kazi hii inaweza kuchukua dakika kadhaa, na muda wote huo watumiaji wataona "the database system is starting up". Hilo si kosa. Ukizima mashine kwa kubonyeza kitufe hapo, umeirudisha mwanzo. Subiri mpaka usome "ready to accept connections".

Ukiona malalamiko kuhusu postmaster.pid, hilo ni faili la kufuli linalozuia PostgreSQL mbili kutumia data ileile. Umeme ukikatika vibaya linaweza kubaki tupu. Kwa kawaida linaondolewa lenyewe wakati wa kuwasha. Likigoma, hakikisha kwanza hakuna PostgreSQL nyingine inayofanya kazi:

pgrep -u postgres -a

Isipotoa kitu, lihamishe faili hilo, usilifute:

sudo mv /var/lib/postgresql/14/main/postmaster.pid /root/

Lakini ukiona mchakato wa postgres uko hai, acha. Kulazimisha wa pili juu ya data hiyohiyo ni kuiharibu kwa mkono wako.

Sasa diski, ambako ndiko kwenye kazi.

df -h /var/lib/postgresql

Use% ikiwa 100, PostgreSQL haiwezi kuwaka, kwa sababu hata kujirekebisha kunahitaji nafasi ya kuandika. Hapa ndipo watu wanaingia pg_wal, wanakuta mafaili ya MB 16 yamejazana, wanayafuta. Hayo siyo logi za kusoma! Ndimo yalimo mabadiliko ambayo bado hayajaingia kwenye majedwali. Tafuta nafasi kwingine:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=200M

Bakapu za zamani zilizoachwa kwenye seva, zihamishie diski ya nje. Ikishawaka, jiulize pg_wal imejaa kwa nini. Mara nyingi utakuta archive_command, mpangilio wa kunakili mafaili hayo, inatuma nakala kwenye diski ya mtandao ambayo haikuunganishwa tena baada ya umeme kurudi. PostgreSQL haifuti faili ambalo halijapata nakala, kwa hiyo yanarundikana. Unganisha ile diski, yatapungua yenyewe.

Kama nafasi ipo lakini unaona "Read-only file system", Linux imegundua kasoro kwenye diski na kuifunga isiandikwe. Angalia:

sudo dmesg | grep -i ext4

Washa upya kwa recovery mode, uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski, diski ikiwa haijapachikwa (unmounted). Kuiendesha kwenye diski inayotumika ni hatari. Kisha pima afya yake kwa sudo smartctl -a ikifuatiwa na jina la diski, mfano /dev/sda. Current_Pending_Sector, yaani sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka, ikizidi sifuri, nunua diski nyingine wiki hii.

Ujumbe mbaya kuliko yote ni "PANIC: could not locate a valid checkpoint record". Simama. Nakili folda nzima kwanza kwenye diski ya nje (hapa ipo /mnt/nje), PostgreSQL ikiwa imezimwa:

sudo cp -a /var/lib/postgresql/14/main /mnt/nje/

Halafu rudisha bakapu yako ya karibuni. Utasikia watu wakitaja pg_resetwal, amri ya kuianza pg_wal upya. Ni kweli inaweza kuiwasha, ila inatupa mabadiliko yaliyokuwa njiani, na salio la mwanachama linaweza lisilingane na miamala yake bila mfumo kukuambia. Itumie tu kama bakapu hakuna kabisa, na ikishawaka toa data yote kwa pg_dumpall, uiingize kwenye kanzidata mpya. Usiendelee kufanyia kazi ile ya zamani.

Imewaka? Usiwaite watumiaji bado. Isome yote:

sudo -u postgres pg_dumpall > /dev/null

Amri hii inapita kwenye kila jedwali bila kuhifadhi chochote. Mara nyingi ukurasa wa data ulioharibika utatoa kosa hapa, kabla keshia hajakutana nao mteja akiwa dirishani. Ikimaliza kimya, fungua mfumo, linganisha risiti za mwisho za karatasi na zilizomo, na uingize upya zile ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa.